Karabini Tatu za Mwenye Butiki

Nimeambiwa nisiandike majina ya watu. Sawa, sitaandika. Lakini kazi zao hakuna aliyenikataza, basi nazisema hapa mwanzoni ili mtu asifike katikati akaanza kubahatisha. Wa kwanza ni mwenye butiki, yule aliyekuwa na nyumba ya mabati mapya katika kijiji chetu, upande wa Swima. Wa pili ni chefu wetu wa kijiji. Wa tatu ni mkuu wa posti ya askari, aliyekula samaki wetu na kulala katika kitanda tulichomchongea. Mimi niliacha masomo nikiwa bado naandika kwa penseli, lakini hao watatu nawajua kama meno ya kinywani mwangu. Wao pia wanajua kwamba nawajua.

Sasa nieleze habari ya bunduki, kwa sababu ilianza kama mchezo.

Kwetu mtu akiamka, kabla ya kuuliza kama mvua itanyesha, anauliza mlio. Ule wa jana jioni ulitoka wapi, mlimani au barabarani? Ulikuwa mmoja au mingi? Mtoto asiyejua kufunga vifungo vya shati lake anajua kutenganisha bunduki ya askari na ile nzito inayosimamishwa juu ya miguu. Hatukufundishwa darasani. Ni kukimbia ndiko kulikotufundisha.

Katika nyumba yetu masikio hayo yalikuwa na kazi moja, nayo ni mama. Mguu wake wa kuume ulivunjika katika vita ile ya zamani, siku tuliyokimbilia mitumbwini kwenda Kigoma. Ulijiunga vibaya, na miaka ilivyozidi ule mwingine nao ukachoka kubeba peke yake. Alitoka kitandani mpaka jikoni kwa kushika ukuta. Kukimbia, hapana. Kwa hiyo kipoyi chake, yaani kile kitanda cha miti miwili na kamba tunachobebea wagonjwa, kilisimama kando ya mlango siku zote, jua na mvua. Mbele anabeba shemeki wangu, kaka ya bibi yangu, yaani mke wangu, mtu wa mabega mapana. Nyuma mimi. Bibi yangu anatangulia na watoto kwenda kuusukuma mtumbwi uliofichwa katika matete. Mapatano yetu yalikuwa mafupi: mlio wa kwanza, hakuna kuuliza. Tukichelewa, mama amekufa, na mwenyewe alitukumbusha hayo bila haya yoyote huku akichambua sombe, yale majani ya muhogo.

Mapatano hayo yalikuwa yametusaidia. Wakati mwingine tulikimbia bure, kumbe mtu amemfyatulia nyani shambani, tukarudi tumelowa mpaka kiunoni, mama juu ya kipoyi akicheka kuliko sisi. Hakuna aliyeona aibu. Kukimbia bure kulikuwa sehemu ya maisha, kama kulima mahali ambapo nguruwe wa porini atakula nusu.

Mwenye butiki hakuwa mgeni. Alinunua dhahabu ya kule Lulimba, akauza sukari, betri, nyavu na vitenge, na alikuwa na mashine ya kusaga muhogo. Mizigo yake ilipita katika barabara ambayo wengine tulivuliwa hata viatu, na yeye hakuvuliwa kitu. Tuliona ni akili ya biashara. Kiangazi kimoja alirudi kutoka safarini na karabini tatu zimeviringishwa ndani ya godoro. Akasema ni za mchezo wa shabaha tu, kama wanavyocheza watu wa nchi zenye utulivu. Mkuu wa posti ameruhusu. Chefu ameruhusu. Kila Jumapili baada ya ibada wanaume waje wapige vifuniko vya makopo, risasi watalipa kwa ndakala, wale dagaa wetu wa ziwani. Chefu hakukusanya watu kuwauliza. Alisimama kando ya mwenye butiki akiwa na shati jipya, akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimeishi umri wangu wote nikiikimbia bunduki, na sasa naambiwa nishike mojawapo, nilale tumboni juu ya gunia la mchanga, nivute pumzi, nipige kopo la tomati. Mtu ambaye hajakimbia hawezi kujua utamu wake.

Zilikuwa za vingt-deux, yaani namba ishirini na mbili. Risasi yake ni nyembamba kuliko penseli na fupi kama kiungo cha kidole kidogo. Kitako chake hakina kile kidoti cha katikati unachokiona katika risasi za askari. Kiwashio kimejificha ndani ya ukingo, pembeni, kuzunguka, na nyundo ya bunduki lazima ing'ate pale pembeni ndipo iwake. Hayo niliyajua kwa kuokota maganda. Wenzangu walikimbilia kuangalia kama kifuniko kimetoboka, mimi niliinama kuangalia alama. Bunduki nzuri inaacha alama ileile kila mara, mahali palepale, kina kilekile, kama jino la panya. Ikianza kung'ata kidogo leo na sana kesho, iache.

Tulizipa majina, kwa sababu kuzipa bunduki majina hakujakatazwa. Ndefu kuliko zote tuliiita Muzee. Ilikuwa ya muzungu mmoja wa zamani wa mashamba ya pamba, ubao wake mweusi umelainika kama kiti cha kanisani, nzito, lakini ukiilaza juu ya gunia haitikisiki. Ya pili ilikuwa mpya, ya plastiki, inajijaza risasi yenyewe, tukaiita Mademoiselle. Vijana wa pikipiki waliipigania. Ilipendeza mkononi, halafu katikati ya furaha inakwama, na alama zake juu ya maganda zilikuwa kama za watu watatu tofauti. Ya tatu ilikuwa fupi, kitako chake kilivunjika siku nyingi kikafungwa kwa waya wa shaba na ngozi ya mbuzi. Hiyo tuliiita Kilema. Hakuna aliyeitaka.

Niliitaka mimi. Kwanza ganda lake: alama moja, safi, haibadiliki. Pili, Muzee ilitaka risasi za boksi la kijani tu, ukiipa nyingine inatawanya kama kuku waliotupiwa jiwe, lakini Kilema ilikula chochote ulichoipa na kupiga palepale. Tatu, kidude cha kufyatulia hakikuvutwa, kiliachia chenyewe kama mtu aliyekuwa anangoja useme. Ilipiga kidogo kushoto. Nikajua kushoto kwake ni kiasi gani, tukaelewana.

Shemeki wangu alikuwa mtu wa Muzee kabisa. Alisema mtu wa kimo chake hawezi kulala nyuma ya kitu kilichofungwa na ngozi ya mbuzi.

"Unaacha Muzee, unakamata kilema," aliniambia mbele ya watu. "Njo vile ulioa dada yangu."

"Dada yako njo alinichagua."

"Basi yeye hakuangalia ganda."

Watu walicheka mpaka mkuu wa posti akacheka. Alikuwa amekuja siku hiyo kupiga na yeye, akakosa vifuniko vyote, akasema jua lilimwingia machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Aliondoka na samaki wawili wakubwa.

Nilipomweleza mama kwamba nimepata bunduki yangu, hakuinua macho kwenye sombe. "Nyumba hii ilikuwa na kilema moja," akasema, "sasa umeleta ya pili. Nani atabeba nani?"

Mwanzoni tulipigia ufukweni, tukielekea ziwani. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kuni kavu inayovunjwa gotini, na upepo uliuchukua majini. Hata hivyo Jumapili za kwanza bamama waliangusha miiko. Kuna mzee aliyekimbia na Biblia mpaka kwenye matete, akakaa humo mpaka jioni. Tulimcheka. Baadaye wakazoea. Wakawa wanaendelea kukoroga bugali, na watoto wakawa wanahesabu milio kama wanahesabu maembe.

Mama ndiye peke yake hakuzoea. Siku moja mwenye butiki alipita kwetu kutafuta mikeka, akamsalimu vizuri, kwa sababu huyo mtu ana adabu, hilo sitamnyima. Mama akamwambia akiwa amekaa pale chini.

"Baba, unafundisha bantu kusikia bunduki na kukaa."

"Ni muchezo tu, mama. Bantu banajua kutenganisha."

"Na siku batakosa kutenganisha?"

Alitabasamu, akampa kipande cha sabuni, akaondoka na mikeka. Sabuni hiyo mama hakuitumia. Ilikauka ikapasuka dirishani.

Haikupita muda mwenye butiki akahamisha mchezo. Alisema wavuvi wamelalamika kwamba risasi zinaruka juu ya maji. Mimi ni mvuvi, shemeki ni mvuvi, hatukulalamika na hatukumsikia aliyelalamika. Akachagua bonde lililo nyuma ya kijiji, pale njia inapoteremka kutoka mlimani, katikati ya mashamba ya muhogo. Alilipa vijana wafyeke. Alisimamisha miti akatundika vifuniko kwa uzi wa nyavu. Chefu alikuja akasema mahali ni pazuri. Bamama wenye mashamba pale waliuliza watalimaje Jumapili, chefu akawaambia walime upande wa juu, mbali na vifuniko.

Ndani ya bonde lile mlio ulivimba. Ile kuni kavu ya ufukweni ikawa mlango unaopigwa na mtu mwenye hasira. Ulizunguka ukarudi mara mbili, ukateremka kijijini mkubwa kuliko ulivyozaliwa. Nililala nyuma ya Kilema yangu na sikuitambua sauti yake. Nilimwambia shemeki, humu kila bunduki inalia kama kubwa. Akasema ndivyo vizuri, mchezo una heshima sasa.

Hapo ndipo kijiji kilipojifunza jambo jipya: mlio mkubwa, kutoka upande wa mlimani, siku ya Jumapili, si kitu. Fikiri. Ule upande tuliouogopa maisha yetu yote. Mwenye butiki ndiye aliyetufundisha, polepole, Jumapili kwa Jumapili, na sisi tulimlipa kwa samaki.

Mara moja, katikati ya juma, kulikuwa na mlio kule juu. Mimi na shemeki tulimwinua mama tukakimbia mpaka majini. Tulipotazama nyuma hakuna mtu mwingine aliyekuwa njiani. Walikuwa wamesimama milangoni wakituangalia, na mmoja akauliza kwa sauti kama tunampeleka mama kuoga. Tangu siku hiyo shemeki alianza kununa. Aliona aibu, mtu mkubwa, mvuvi anayeheshimika, kuonekana na kipoyi begani wakati wengine wamekaa. Akasema Jumapili tuiondoe katika mapatano, la sivyo tutambeba mama kila mtu akipiga kifuniko. Jumapili ikaondoka.

Nafika sasa kwenye Jumamosi ile.

Nilikwenda nyuma ya butiki na mafuta ya cherehani katika kichupa, kwa sababu niliipenda ile bunduki na nilikuwa naisafisha kwa mkono wangu, mwenye butiki aliniruhusu. Ukutani palikuwa na misumari tu. Muzee haipo, Mademoiselle haipo, Kilema haipo. Nilimkuta mwenye butiki ufukweni akisimamia watu wanaopakia mtumbwi wake wa injini. Aliniambia karabini zimekwenda mjini Baraka kwa fundi. Nikauliza zote tatu? Zote, kuzisafisha. Dimanche, yaani Jumapili ya kesho, hakuna mchezo, ni dimanche ingine. Nikauliza kama amewaambia watu. Akasema atawaambia.

Bibi zake walikuwa wamevaa vitenge vya sikukuu, watoto wamepakwa mafuta. Arusi Baraka, alisema. Lakini chini ya turubai niliona mota ya mashine ya kusaga. Nikamuuliza kama mashine nayo inakwenda arusini. Akacheka, akanipiga bega, akasema na yenyewe inaona fundi.

Nilirudi kupitia posti. Askari mmoja alikuwa anafua nguo, peke yake. Nikamuuliza wenzake. Akasema mkuu amewapeleka kazi upande mwingine tangu jana, na yeye atafuata nguo zikikauka.

Nilimsimulia mama yote hayo. Alisema nilale na viatu. Shemeki sikumwona, alikuwa ziwani na taa usiku mzima kutafuta ndakala, alirudi asubuhi akaingia kwake kulala. Kanisani niliwaambia waliokaa karibu nami kwamba leo mchezo haupo. Wakasema sawa. Nani alijali? Mwenye butiki mwenyewe hakumwambia mtu mwingine. Chefu alijua, maana wakati sisi tunaimba yeye alikuwa ameshavuka maji, na mbuzi wake.

Baada ya chakula nilikaa mlangoni nikiziba nyavu. Mlio wa kwanza ulitoka bondeni. Mmoja. Halafu kimya. Halafu mwingine, kimya. Kama tu watu wanaopokezana kulala juu ya gunia. Jirani yetu mwanamke, aliyekuwa anamsuka binti yake, alisema bila kugeuka, "Bameanza," akaendelea kusuka.

Mimi nilisimama. Nyavu zilinishika miguu nikaanguka, nikasimama tena. Shemeki alitoka nyumbani kwake anafunga shati, macho mekundu ya usingizi, amekasirika.

"Bameanza bila mimi. Nani amekamata Muzee?"

"Karabini haziko," nikamwambia. "Zilienda Baraka jana. Nilikuta ukuta mutupu. Kamata kipoyi."

"Basi zimerudi. Haya sikia."

"Ile si vingt-deux."

"Mu bonde yote inalia vile. Ni weye mwenyewe ulisema."

"Shemeki, minakuomba. Kamata mbele."

Alinitazama, akatazama barabarani. Kulikuwa na watu wamekaa, wanatuangalia, wengine wameshaanza kutabasamu. Akasema, "Nawaambia tu bamuache Muzee, narudi. Kiisha tutabeba mama mpaka Kigoma kama unataka." Akapanda njia ya bondeni, anatembea haraka kama mtu anayekwenda kudai kitu chake.

Mama alikuwa amefika mlangoni kwa kushika ukuta. "Muite," akasema. Nilimwita. Aliinua mkono bila kugeuka, mkono wa mtu anayesema ngoja.

Kipoyi hakibebwi na mtu mmoja. Nilikimbilia jirani wa pili, mwanamume mwenye nguvu, akanicheka. Mwingine akasema nimekunywa. Mlio bondeni uliendelea, mmoja, kimya, mmoja. Baadaye nilijua sababu. Kule mashamba ya juu kulikuwa na watu wachache waliofuata muhogo, na wale walioteremka kutoka mlimani na bunduki hawakuhitaji kupiga zaidi ya hapo kwa kila mmoja. Sitasema ni kundi gani. Makundi yanabadilisha majina yao kila kiangazi, na hayakuhamisha vifuniko, hayakuondoa askari, hayakuruhusu mchezo bila kuuliza watu. Waliofanya hayo nimeshawataja.

Bibi yangu ndiye aliyerudi kutoka kwenye matete, alikotangulia na watoto mlio wa kwanza uliposikika, amewaacha mtumbwini. Hakuuliza kaka yake yuko wapi. Alikunja kitenge chake kiunoni, akainama, akaweka miti ya mbele mabegani.

Kwetu mwanamke habebi kipoyi. Anaweza kubeba maji, kuni, mtoto, gunia la muhogo linalomzidi uzito, lakini kipoyi ni cha wanaume. Mwanamke akionekana mbele ya kipoyi maana yake wanaume wamekwisha. Tulipita katikati ya kijiji hivyo. Mimi nilikuwa napiga kelele kwamba karabini haziko, karabini ziko Baraka, na maneno yangu hayakumwinua mtu. Lakini yule jirani anayesuka aliinua macho, akamwona bibi yangu na ile miti mabegani. Akaacha nywele nusu, akamnyanyua binti, akakimbia. Mwingine akamwona yeye anakimbia. Ndivyo waliopona walivyopona. Si wengi.

Tulikuwa tumeingiza kipoyi majini wakati mlio ulipobadilika ukawa ule mwingi, ule ambao hata kiziwi anaujua. Ulikuwa umeshafika kanisani. Tuliwachukua watu mpaka maji yakawa karibu kuingia pembeni, nikapiga kasia. Bibi yangu alikaa akitazama njia ya bondeni mpaka haikuonekana tena kwa moshi. Mama alikuwa amelala kifudifudi chini ya mtumbwi ili tupate nafasi, na akauliza, uso wake juu ya mbao, nani ameshika kasia la pili.

Shemeki walimwokota waliorudi kuzika. Alikuwa karibu na ile miti ya shabaha bondeni. Walisema vifuniko vilikuwa bado vinaning'inia.

Tunaishi Baraka sasa, chumba cha kupanga, mimi nashona nyavu za watu wengine. Mwenye butiki yuko Baraka pia. Butiki yake ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na mashine inasaga. Chefu anaitwa kwenye mikutano, anakaa mbele, anasema kwa niaba yetu. Mkuu wa posti walimhamisha, nasikia amepandishwa.

Alikuja kutusalimu, huyo mwenye butiki. Alileta sukari. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa sababu hatuna kiti kingine, akampa mama pole, akampa bibi yangu pole ya kaka yake, kichwa ameinamisha vizuri kabisa. Kisha akanigeukia mimi, na nadhani kweli alitaka kunifurahisha.

"Ile Kilema yako iko," akasema. "Haikupotea. Nimefungua kamuchezo nyuma ya butiki, na ruhusa iko. Kuya dimanche, njo yako, hakuna atakayeigusa."

Mama alikuwa kitandani, tulidhani amelala.

"Zote tatu ziko?" akauliza.

"Zote, mama."

"Zilienda samedi mu mutumbwi yako. Pamoja na mashine."

"Ndiyo, mama."

"Kipoyi yangu ingeingia?"

"Mama, mi sikujua ya kama..."

"Sikuuliza kama ulijua. Nauliza kama ingeingia."

Mgeni alitazama mlango. Nje watoto walikuwa wanacheza, mmoja amekaa kwenye kizingiti, amezuia njia. Mwenye butiki alijifuta shingo.

"Ingeingia," akasema.

Aliondoka baada ya hapo. Bibi yangu aliifunga sukari katika kitambaa akaipeleka kwa mjane wa kaka yake, anayelea watoto katika kartie nyingine, mtaa wa mbali kidogo. Hakumwambia imetoka kwa nani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulisikia kutoka upande wa butiki: mmoja, kimya, mmoja. Mlio mdogo, wa kuni kavu. Niliujua. Kati ya mlio wa tatu na wa nne niliijua hata Kilema yenyewe, na mtu aliyekuwa nyuma yake hajui kwamba inapiga kushoto. Mama alisema tumtoe. Nikamwambia hizi ni zenyewe mama, hizi ni vingt-deux, nazisikia. Akasema anajua ni zenyewe. Akasema tumtoe.

Tulimweka katika kipoyi tukampeleka ziwani, katikati ya soko, watu wa Baraka wakisimama kutazama, wengine wakicheka mkono mdomoni. Tukakaa majini ndani ya mtumbwi wa kuazima mpaka walipomaliza mchezo wao. Tumefanya hivyo kila Jumapili tangu hapo. Vijana wa kartie walijitolea kusaidia kubeba, mabega yao ni mazuri, na nimewashukuru. Bibi yangu amekataa. Anabeba mbele mwenyewe, polepole, na anapita makusudi mbele ya mlango wa butiki.